Mkono wa Kushoto wa Ticha Sekela

Shule anayofundisha Sekela ina jina la Kiingereza la maneno matano, na Yombo nzima hakuna mzazi anayeweza kuyataja yote kwa pumzi moja. Watu husema "kwa Madam Kokuberwa", inatosha. Ukutani amechorwa panya wa katuni mwenye suruali nyekundu, ila mchoraji sijui alikuwa na haraka au alikuwa na njaa, maana panya yule kawa panya buku kabisa, wa mtaroni. Mtoto akiletwa siku ya kwanza huanza kumlilia panya, ndipo akumbuke kumlilia mama.

Sekela yupo hapo mwaka wa saba sasa, darasa la watoto wa miaka minne. Ni mwanamke mfupi, ana sauti ya kanisani na magoti yenye sugu kwa sababu ya kupiga magoti sakafuni kutwa nzima. Kazi yake haina heshima mjini. Akikaa msibani na mtu akamuuliza anafanya nini, maongezi huwa ni yale yale.

"Mwalimu."

"Ooh, hongera! Sekondari?"

"Hapana."

"Msingi?"

"Awali. Chekechea."

"Aaah," mtu husema, uso ukishuka kama chapati iliyokosa mafuta. "Unawachezesha watoto."

Chuoni ilikuwa hivyo hivyo. Darasa zima lilijaza awali kama chaguo la mwisho, lile la kumridhisha mzazi. Sekela aliiandika ya kwanza. Mkufunzi akamwita pembeni, akamuuliza kwa upole kama fomu alijazia gizani.

Kumbe yule binti alikuwa na sababu. Alikulia Tukuyu, mama yake akiuza maharage. Kila alasiri mama alimkalisha kando ya ungo atenganishe mekundu na ya madoadoa, na kila mara alifumba kiganja: "Hapa nimeficha mangapi?" Sekela alijua kujumlisha na kutoa kabla hajajua kwamba duniani kuna adhabu inayoitwa Hisabati. Alipoanza shule akashangaa wenzake wanalia. Wanalilia nini? Si maharage tu haya? Tangu hapo akaweka nadhiri yake ya kimya kimya: siku moja atakuwa na watoto wa watu mbele yake, na ungo.

Maharage kwa Madam Kokuberwa hayakuwezekana. Wiki ya kwanza mtoto alitia moja puani, likatolewa zahanati. Ndipo Sekela akagundua Keko.

Pale barabarani Keko mafundi wanaranda vitanda na makabati tangu asubuhi, na chini ya kila meza kuna vipande vya mbao visivyo na kazi. Sekela akapatana na fundi mmoja, Gregori, awe anamwekea. Kila mwezi alirudi na kiroba. Gregori alimhurumia.

"Mwalimu, jiko lako linakula sana. Hujafikiria gesi?"

"Si za kupikia, fundi. Za kufundishia."

"Za kufundishia nini, useremala?"

"Kuhesabu."

Gregori akatazama kile kipande cha mninga mkononi mwake, akakigeuza upande wa pili, akakosa namba. Akampa hivyo hivyo.

Jumapili, akitoka ibada ya kwanza Moravian, Sekela alikaa uani na msasa akisugua kipande kimoja kimoja mpaka kiwe laini kama shavu. Vilifika sitini na kitu. Akavipanga kona ya darasa ndani ya boksi la televisheni, na watoto wakavivamia kama nzi na embe. Siku hiyo mbao zikawa magari, keki, kitanda cha mtoto, foleni ya Mbagala, na bila mtu kuambiwa "hesabu", kila mtu alikuwa anahesabu.

Sasa kuna Praygod.

Praygod aliletwa Januari na baba yake, Wilbert, karani wa ofisi moja mjini, mtu wa Machame anayechomekea shati hata siku ya kufua. Mtoto hakuwa bubu. Baba alisema nyumbani anaongea mpaka jirani anaongeza sauti ya redio. Ila akivuka geti la shule anafunga mdomo, basi. Wiki tisa hakutoa neno. Haombi maji wala haombi kwenda chooni, na matokeo yake unayajua. Madam akaanza kusema huyu apelekwe "shule za wale wenzake". Sekela akaomba muda, maana alishaona kitu: kila asubuhi Praygod alikwenda moja kwa moja kwenye lile boksi, akajenga gereji ya magari, mbao tatu kila ukuta, hazizidi wala hazipungui.

Halafu asubuhi moja Zain, mtoto wa Rabab mwenye duka la vipuri, akamchukulia mbao mbili.

"Rudisha!" Praygod akapiga kelele. "Bado mbili! Bado mbili!"

Vichwa vyote vikageuka. Zain akarudisha, tena kwa heshima. Sekela akasema anaangalia kama maji yanatoka, akaenda nyuma ya vyoo, akakaa huko dakika nzima akifuta uso kwa khanga. Neno la kwanza la mtoto shuleni, na ndani yake kuna hesabu ya kutoa! Angeulizwa siku hiyo msibani kazi yake nini, angejibu kwa kipaza sauti.

Juma lile lile Madam Kokuberwa akaingia darasani bila kubisha hodi. Madam hugomba kwa Kiingereza akikasirika, na kwa Kihaya akikasirika sana. Siku hiyo alianza kwa Kiswahili cha taratibu, na ndipo Sekela akaogopa.

"Ticha Sekela. Watoto wa watu wako chini."

"Shikamoo Madam. Wanajifunza idadi."

"Marahaba. Madaftari yako wapi?"

Sekela akaonyesha rafu. Madam akachukua moja, akapekua. Jeupe. Akachukua la pili. Jeupe, ila kuna doa la uji.

"Huu ni mwezi wa tatu tunaumaliza. Jumamosi wazazi wanakuja kukagua madaftari. Nitawaonyesha uji?"

"Madam, mtoto wa miaka minne vidole vyake havijakomaa. Hata mtaala unasema ajifunze kwa..."

"Mtaala ninao."

Kweli anao. Umo kwenye kabati la vioo ofisini, ndani ya nailoni yake, haujawahi kupigwa na upepo.

Tuseme haki: Madam si mchawi. Ng'ambo ya barabara imefunguliwa shule nyingine yenye bembea na basi la njano, na toka Krismasi watoto sita wamevuka. "Akili haionekani, mwanangu," akasema, sasa kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Daftari linaonekana. Mzazi anarudi na uchovu wake, anafungua begi, anataka aone kitu. Sikiliza. Jumamosi madaftari yakiwa yamejaa, hizo mbao zako zikae. Yakiwa hivi, Munira atapikia uji."

Munira, mpishi, alikuwa mlangoni na mwiko wake. "Mie kuni zimeniishia tangu juzi," akasema. "Nasema tu."

Madaftari ishirini na nane. Kila moja kurasa kumi. Siku nne. Hata ungewashikia watoto bunduki, yasingejaa. Na Praygod ndiyo kwanza ameanza kusema "bado mbili".

Mchana huo Sekela alikwenda kwa mwenzake Nikodemu, wa darasa la watoto wa miaka mitano, kumlalamikia. Akamkuta peke yake, watoto wameshaondoka, amezungukwa na madaftari, kalamu ya risasi iko mkono wa kushoto, ulimi nje kidogo.

"Unafanya nini, Nikodemu?"

"Naandika kazi za watoto." Hakuinua hata kichwa. "Kushoto naandika, kulia nasahihisha. Mkono huu una miaka mitano, huu una thelathini na nne. Ulidhani hapa kila mwaka madaftari yanajazwa na malaika?"

Sekela akakaa. Akaona kalamu nyekundu ikipita juu ya herufi za Nikodemu, ikijipa vema, ikajiandikia *Vizuri sana*, na chini ikajichorea nyota.

"Unajipongeza mwenyewe?"

"Nani mwingine atanipongeza? Chukua ushauri wa bure, sista. Ukikosea, kosea tofauti tofauti. Usiwape watoto wote kosa moja, utakamatwa."

Alirudi darasani amekasirika. Na Jumanne ile, baada ya kulitazama lile boksi la mbao kwa muda mrefu, akachonga penseli, akaihamishia kushoto.

Hapo ndipo alipopata somo ambalo chuo hakikumpa. Herufi "a" moja, kiduara na mkia, ilimchukua muda wa kumenya kitunguu. Mkono haukumtii. Ulikwenda kulia ukitumwa kushoto, ukabonyeza penseli mpaka ikatoboa karatasi, na mstari wa tatu kidole gumba kikaanza kuwaka moto. Alijua vidole vya mtoto havijakomaa, alijibia mtihani, akapata alama. Sasa vilimuuma. Ukurasa wa pili ulimtoa machozi ya hasira: hivi ndivyo nitakavyowafanya? Ukurasa wa arobaini hakuwa na machozi, alikuwa na mdundo. Kufikia Ijumaa saa kumi mkono wa kushoto wa Ticha Sekela ulikuwa umemaliza kozi. Herufi zake zilisimama zote vizuri, kila "a" imeinua mkia juu kama mbuzi. Zote. Madaftari yote ishirini na nane. Ushauri wa Nikodemu ulikuwa umeshasahaulika pale kwenye ukurasa wa tatu.

Jumamosi wazazi wakajaa. Viti vya watoto vikakaliwa na makalio ya watu wazima, vikalia. Madam kavaa gauni la mahafali. Wazazi wakapekua, wakaonyeshana, simu zikatoka kupiga picha. "Ticha Sekela, Mungu akubariki!" "Mwanangu mimi? Huyu huyu anayevaa viatu kinyume?" Sekela alitabasamu kwa meno. Kwenye kona boksi la mbao lilikuwa salama. Alilitazama kila aliposifiwa, kama mtu anayeshika mfuko kuhakikisha pochi ipo.

Wilbert ndiye aliyefurahi kuliko wote. Alisoma daftari la Praygod ukurasa kwa ukurasa kama anayesoma barua ya kupandishwa cheo. Akapiga picha, akaituma kwa mama yake Machame hapo hapo. Kisha akasimama.

"Madam, naomba dakika moja. Watu walisema mtoto wangu ni mzito. Hata hapa shuleni, simtaji mtu." Hakumtaja, alimtazama tu. "Praygod, njoo. Chukua chaki. Waandikie 'a'."

Praygod akaja mbele. Akachukua chaki. Akautazama ubao.

"Andika, baba."

Kimya.

"Si umeandika humu? Kurasa kumi!" Wilbert akacheka, akawageukia watu. "Ana aibu. Andika."

Praygod akaigeuza chaki kiganjani. Na Sekela aliona kitu ambacho baba mtu, mbele ya watu arobaini, hakuweza kukiona: mdomo wa Praygod ulikuwa unafunga. Ule ule wa Januari.

"Ahaa," Wilbert akasema, na kicheko kikaisha. "Kumbe unajua na hutaki. Nyumbani nakuuliza unanitolea macho, nadhani hujui, kumbe kiburi! Leo tukifika nyumbani utaniambia vizuri, na fimbo itakuwepo kama shahidi."

Mkojo ukashuka kwenye soksi nyeupe za mtoto, taratibu.

Sekela hakufikiri. Angefikiri angekaa. Alitembea mpaka mbele, akatoa chaki kwenye kile kiganja, akaitia mkono wake wa kushoto, akaandika ubaoni. "a". Mkia juu. Akaandika ya pili. Ya tatu. Mstari mzima, haraka, kwa ule mdundo.

"Baba Praygod, usimpige," akasema bila kugeuka. "Hana kiburi. Hajui. Niliandika mimi."

Wazazi wakatazama ubao, wakatazama madaftari. Halafu karatasi zikaanza kulia. Rabab, mama Zain, akanyoosha mkono akachukua daftari la jirani yake, akaliweka kando ya la mwanawe.

"Ya Rabbi," akasema. "Hii na ya Zain ni mapacha. Na hii. Na hii. Jamani, watoto ishirini na nane, mkono mmoja!"

Nyuma kabisa Nikodemu alionekana akikusanya madaftari ya darasa lake kwa kasi, akieleza kwamba yana "marekebisho kidogo".

Unadhani wazazi walifanya nini? Sekela naye alidhani. Alidhani, ukweli ukishakuwa mezani, mtu atauliza: sasa watoto wanajua nini? Angewaonyesha. Angemwaga zile mbao katikati ya sakafu na wangeona. Alishaanza hata kusema, "Ndugu wazazi, hawa watoto wanahesabu, naomba mtazame," akalifuata boksi.

"Wanachezea mbao?" mzazi mmoja akadakia. "Kama ni kucheza si angechezea nyumbani? Huko mbao zipo!"

"Mwalimu anajazia watoto madaftari ili yeye apumzike!"

"Apumzike wapi?" Sekela akasema. "Kidole hiki hapa kimevimba!" Hakuna aliyetaka kuona kidole.

Madam akasimama, akaomba radhi kwa niaba ya shule kwa "kosa la mwalimu mmoja". Akalisema hilo mbele ya Nikodemu, bila kupepesa. Wakakubaliana kwa makofi: kila mtoto ukurasa mmoja kila siku, kwa mkono wake mwenyewe, na michezo darasani marufuku. Sekela hakufukuzwa. Mwalimu wa kupokea darasa katikati ya muhula hapatikani, na wote wawili walilijua hilo.

Jumatatu boksi la mbao lilikuwa jikoni.

"Shoga angu, usinichukie," Munira akamwambia. "Mie nimeambiwa. Tena nilitaka nifiche chache, Madam kasimama hapa hapa mpaka nikawasha." Sekela akatazama mafiga. Mninga unawaka vizuri sana, moto wake mtulivu, haurushi cheche. Uji siku hiyo uliiva mapema.

Saa nne, wakati wa foleni ya vikombe, Praygod hakuwemo kwenye foleni. Sekela alimkuta amechuchumaa mbali kidogo na mafiga, anatazama Munira akisukumia mbao motoni, moja moja. Midomo yake ilikuwa inatembea. Sekela akasogea.

"Kumi na saba," mtoto alikuwa anasema. "Kumi na nane. Kumi na tisa." Munira akapumzika. Praygod akachungulia kwenye boksi. "Za gereji zimebaki nne."

Alisema kwa sauti kabisa, wala si kwa mtu.

Saa sita Wilbert akaja kumchukua mwenyewe. Shati limechomekewa, ila macho yalikuwa chini.

"Habari za kazi, mwalimu."

"Salama, Baba Praygod."

"Leo ameandika?"

"Leo amehesabu. Mpaka kumi na tisa, na kutoa juu."

"Amehesabu nini?"

"Kuni."

Wilbert akalitafakari. "Kuni si hesabu, mwalimu. Hesabu inakuwa kwenye daftari."

Sekela akamfungulia daftari. Kwenye ukurasa mpya kulikuwa na alama moja tu, kazi ya asubuhi nzima, kitu kama mnyoo uliokanyagwa.

"Mwandiko umeshuka sana," baba akasema.

"Haujashuka. Ndiyo umeanza."

Wilbert akatazama mlangoni, akapunguza sauti. "Sasa mwalimu, sikiliza. Mimi nimekuelewa, yaliyopita yamepita. Ila mama kule Machame ameshaonyesha ile picha kanisani. Anaomba nyingine. Niandikie ukurasa mmoja tu. Kwa ule mkono."

Sekela alimtazama mpaka akahakikisha hatanii. Hakuwa anatania. Basi akavuta kile kiti kidogo cha njano, akakiweka mbele ya meza ndogo.

"Kaa."

"Mimi?"

"Mtoto wako, mama yako, picha yako. Andika wewe. Kwa kushoto, isije ikajulikana." Akampa penseli. "Mstari mmoja una nafasi kumi. Jaza."

Sijui kwa nini alikaa. Labda ni ile sauti ya kanisani. Alikaa, magoti yakamfika masikioni, akaishika penseli kwa kushoto kama anayeshika nyoka kwa mkia, akaanza. Kiduara kikagoma kufunga. Akakirudia juu yake, karatasi ikatoboka. Ulimi ukatoka kidogo pembeni mwa mdomo. Tai ikamwangukia mezani. Praygod akaja taratibu, akaegemea goti la baba yake, akatazama.

"Unabonyeza sana," akasema.

Wilbert akasimamisha mkono. Ni neno la kwanza kulisikia kutoka kwa mwanawe ndani ya geti lile. Akakunja na kukunjua vidole.

"Hiki kidole kinauma," akasema, kama anayetoa taarifa mpya.

"Kinaumaga," Praygod akamjibu, kwa uzoefu. Kisha akaweka kidole chake kwenye mstari, akakipeleka nafasi baada ya nafasi mpaka mwisho wa karatasi, midomo ikitembea.

"Bado tisa, baba."

Wilbert akamgeukia Sekela. Sekela hakuwa anamtazama. Alikuwa ameshakaa sakafuni na madaftari ishirini na saba yaliyobaki, anatafuta kwenye kila mnyoo mahali pa kuweka vema. Nje, Munira alikuwa anazoa majivu.